Shajara ya mradi: dagaa, premiksi na Excel, stoo isikauke tena

Jumapili 12 Januari 2025: kilichonifikisha hapa

Nina mashine ndogo ya kusaga na kuchanganya chakula cha kuku hapa Igoma, Mwanza, tuko mimi na vijana wawili, tunatoa mifuko 60 ya kilo 50 kwa wiki, mingi ni ya kuku wa mayai. Desemba iliyopita nilikaa siku kumi na moja siuzi kitu cha maana. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 15, wavuvi wamepumzika, mvua nayo inapiga, dagaa wa kuku hakuna, nikasema potelea mbali naongeza soya, afu nacheki ndoo ya premiksi (ule unga wa vitamini na madini wa kuchanganya kwenye chakula) nakuta vumbi tu chini, na mzigo wangu wa kutoka Dar uko kwenye lori lililoharibika njiani na dereva hapokei simu. Wateja wawili wakubwa wakahama. Mmoja mpaka leo nikimpigia ananiambia "nitakutafuta kaka", na wote tunajua maana yake.

Kwa ambao hawako huku kanda ya ziwa: dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, wanafuata mwanga, zamani ilikuwa karabai siku hizi sola. Mwezi ukiwaka taa haina maana tena, dagaa wametawanyika, mitumbwi inakaa ufukweni kama siku kumi hivi. Kwa hiyo kila mwezi kuna pengo na tarehe zake zinajulikana mpaka mwaka kesho, yaani hata sina cha kujitetea.

Kuna mdogo wangu anasoma mambo ya ugavi chuoni, ndo kanionyesha kwamba kampuni kubwa zinatumia modeli za maamuzi, yaani hesabu za kukusaidia kuchagua, kwa shida kama hii hii yangu. Akanipa kazi ya kwanza, rahisi kabisa, inatokana na kazi ambayo David Simchi-Levi wa chuo cha MIT, Marekani, na wenzake waliifanyia kampuni ya magari ya Ford. Kila malighafi unaiandikia namba mbili: ikikatika leo nitafanya kazi siku ngapi na kilichopo stoo (mimi nimeziita siku za kuhimili), na itachukua siku ngapi mpaka ipatikane tena (siku za kupona). Ya pili ikizidi ya kwanza, hapo ndo shimo lilipo.

Nikakaa na daftari. Pumba za mahindi kuhimili 8 kupona 2, mashine za kukoboa ziko kila kona. Mashudu ya alizeti 15 kwa 6. Soya 10 kwa 7. Chokaa hata siangalii. Dagaa 6 kwa 12. Premiksi 5 kwa 12. Yaani kitu kinachoweza kunifungia biashara ni premiksi ambayo nainunua kama elfu 64 kwa wiki, wakati dagaa peke yao wananila laki 6 na elfu 72. Nilikuwa nagombana na watu wa pumba kuhusu shilingi ishirini kwa kilo, na kitu cha elfu 64 nakiagiza pale ninapokumbuka. Ford nao waligundua hivyo hivyo, vipuri vya bei ndogo ndo vilikuwa vimeficha hatari kubwa.

Gharama mpaka hapa: daftari 2,000 na soda ya mdogo wangu.

Jumapili 2 Februari: mti wa kwanza

Nimechora mti wa maamuzi wa dagaa. Ni matawi tu: uamuzi wako, halafu yanayoweza kutokea, kila tawi na uwezekano wake na bei yake, unazidisha unajumlisha unapata wastani wa matarajio.

Natumia kilo 240 kwa wiki. Swali lilikuwa, kabla ya mbalamwezi ninunue kilo 480 za wiki mbili kwa mpigo, 2,800 kila kilo, au ninunue kidogo kidogo kwa bei nitakayoikuta? Niliweka kwamba nikisubiri, mara 7 kwa 10 nitakuta 3,200, na mara 3 kwa 10, ile ya mbalamwezi na mvua pamoja, nitakuta 4,300. Wastani 3,530, kwa kilo 480 ni 1,694,400. Kununua mapema ni 1,344,000, ongeza asilimia 5 ya kuharibika stoo, inakuwa 1,411,200. Tofauti 283,200 kila mwezi! Nilimwambia mke wangu tumekaa juu ya hela tulikuwa hatujui. Akaniuliza namba za matawi nimezitoa wapi. Nikasema uzoefu. Hakunijibu kitu, aliendelea kukunja nguo.

Jumapili 23 Machi: hasara

Nitaandika hii kwa kirefu maana ndo iliyonifundisha.

Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 14. Tarehe 6 nikaenda soko la dagaa la Mwaloni Kirumba nikabeba kilo 480, nimevimba kichwa. Stoo yangu kuta ni tofali zisizopigwa plasta na sakafu ni saruji, magunia nikayapanga chini kabisa yakiegemea ukuta wa nyuma kwa sababu mbele kulikuwa na soya. Mvua ikaanza tarehe 9, ile ya kunyesha usiku kucha. Tarehe 17 kijana wangu anafungua gunia la tatu harufu ikatoka mpaka kwenye mashine. Upande wa ukutani wamefanya ukungu wa kijivu, ukishika wanapondeka kama majivu ya mkaa. Tulichambua siku nzima, tukatupa kilo 150. Sio asilimia 5 kama nilivyoandika, ni karibu theluthi. Hapo ni 420,000, ambayo ni faida ya wiki moja na nusu.

Sasa hiyo ni hasara ya uzembe, naielewa. Iliyoniuma zaidi niliikuta sokoni siku ya pili yake. Nilienda kuangalia bei kwa roho ya kujifariji, nikijua tu wenzangu wananunua kwa elfu 4 na kitu. Nikakuta dagaa wa kuku wamejaa, magunia yamefika mpaka njiani, bei 1,900.

Kuna mama mmoja nanunua kwake siku zote. Nikamsalimia mwadila mayu, nikamuuliza hii imekaaje, mvua yote hii na bado dagaa wamejaa? Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yana unyevu.

"Mwanangu, hawa walikuwa wa kula watu. Walivuliwa kwenye giza, wakaanikwa, mvua ikawakuta mchangani. Mtu hawezi kula hawa, ndo wanakuja kwako. Mvua ikinyesha mimi nalia wewe unacheka. Hujui biashara yako?"

Nilirudi nyumbani kimya kwenye daladala. Kwenye mti wangu nilikuwa nimeandika mvua kama adui yangu, bei juu. Kumbe mvua ni adui wa yule mama na wale wanaoanika visiwani, kwangu mimi inashusha bei. Mbalamwezi inapandisha, upepo mkali unapandisha maana mitumbwi haitoki, ila mvua baada ya giza zuri inamwaga mzigo wa watu kwenye soko la kuku. Hesabu zangu zote za kuzidisha zilikuwa sahihi kabisa, tatizo tawi zima lilikuwa limegeuzwa kichwa chini. Ningesubiri tu nisifanye lolote ningelipa 912,000.

Nilichorekebisha: chaga za mbao chini ya magunia, fundi kachukua 60,000 pamoja na mbao, na magunia yanakaa mbali na ukuta kiasi mtu anapita. Mti nimeuchana nikachora upya, tawi la mwezi kwanza, halafu upepo, halafu mvua, na mvua ina bei yake ya chini.

Jumapili 6 Aprili: dagaa wa bei chee sio wa bei chee

Baada ya lile somo nikaruka upande wa pili, nikanunua kilo 200 za 1,900. Kuku wa mteja mmoja wakagoma kula. Sio wote, ila alinipigia video kuku wanachakura chakula wanatupa pembeni, na sauti yake nyuma anasema "ona mwenyewe".

Nikanunua mizani ya digitali, 85,000, nikafanya jaribio ambalo namshauri kila mtu alifanye. Pima kilo moja ya dagaa, weka kwenye ndoo ya maji, koroga kwa mkono, chota dagaa wote juu, acha ndoo itulie kama dakika kumi, mwaga maji taratibu, kilichobaki chini kianike kwenye sinia halafu pima. Wale wa 1,900 walinipa gramu 210 za mchanga. Mchanga! Nilikuwa nanunua ufukwe. Halafu kwenye waliobaki, moja ya kumi wana ukungu wa kutupa. Kwa hiyo kila kilo niliyolipia, kinachoingia kwenye mashine ni gramu 711, gawanya 1,900 kwa hiyo unapata 2,672 kwa kilo halisi. Wale wa kawaida wa 2,800 walikuwa na gramu 40 za mchanga, bei halisi 2,917. Tofauti ya 900 niliyoiona sokoni kwa macho ni 245 tu, na hapo sijahesabu mteja mwenye video.

Walioanikwa kwenye chanja hawana mchanga kabisa ila hao bei yao wanagombaniwa na walaji, mimi siwawezi.

Kuanzia sasa kwenye modeli haingii bei ya sokoni, inaingia bei baada ya ndoo.

Jumapili 20 Aprili, Pasaka: premiksi

Mashine zimezimwa, vijana wameenda kwao, nimepata utulivu wa kukaa na risiti za premiksi. Nilizikuta 14 zenye tarehe ya kuagiza na ya kupokea. Siku za kazi: mara nane zilikuwa 3, mara moja 4, mara mbili 5, mara mbili 7, na mara moja 12 (ile ya Desemba). Wastani ni siku 4.6.

Kosa langu la zamani lilikuwa hapa. Nilikuwa naagiza zikibaki siku 5 nikijiona mjanja maana wastani ni chini ya tano. Lakini mara 3 kati ya 14 mzigo umezidi siku 5, yaani kila oda kama tano, moja inanikausha. Mtu akivuka mto kwa kuuliza wastani wa kina atazama huku hesabu yake iko sawa.

Kinachofaa hapa ni modeli wanayoiita ya muuza magazeti. Muuza magazeti wa stendi asubuhi anaamua achukue mangapi: akichukua mengi yanabaki ya kufungia maandazi, akichukua machache mteja anaondoka. Unachukua gharama ya kupungukiwa, unaigawa kwa jumla ya gharama ya kupungukiwa na gharama ya kuzidisha, jibu ndo linakwambia ujilinde mpaka mara ngapi kwa mia. Wazo lenyewe ni la zamani, mchumi Edgeworth aliliandika 1888 kuhusu benki zibaki na akiba kiasi gani.

Kwangu: siku moja bila premiksi ni mifuko 10 haijatoka, faida 4,500 kwa mfuko, napoteza 45,000. Kuweka premiksi ya siku moja ya ziada ni kilo 1 na robo, 10,625, na hiyo hela haijapotea imelala tu, nikiihesabia riba ya asilimia 5 kwa mwezi kama mkopo wa kikundi chetu ni shilingi 531. Gawanya 45,000 kwa 45,531. Inakuja 0.988. Yaani nijilinde karibu mara 99 kwa 100, ambayo kwa risiti zangu inamaanisha nijilinde hata dhidi ya zile siku 12. Nikaweka 14 kabisa. Kilo 17 na nusu, 148,750. Nimepiga mstari mwekundu kwa rangi kwenye ndoo kubwa, premiksi ikishuka chini ya mstari kijana yeyote anapiga simu Dar bila kuniuliza.

Angalizo: vitamini zinakufa kwa joto, ndoo isikae chini ya bati. Yetu tumeihamishia ofisini chini ya meza, napigana nayo magoti kila siku.

Jumapili 18 Mei: kurusha kete mara elfu

Hii imenila wiki tatu na bando nyingi kuliko nilivyotaka kuandika.

Wazo ni kwamba badala ya mti wenye matawi matano, unaiambia kompyuta irushe kete, itengeneze wiki elfu za uongo zinazofanana na wiki zako, halafu uhesabu ngapi zimekukausha. Jina lake Monte Carlo, la ile kasino ya Monaco. Mwanahisabati Stanislaw Ulam alilipata wazo mwaka 1946 akiwa anapona ugonjwa, anacheza karata peke yake na kujiuliza uwezekano wa kushinda ni upi, akaona rahisi kucheza mara nyingi na kuhesabu kuliko kukokotoa. Mimi napenda sana hii hadithi kwa sababu sikukokotoa pia.

Kosa la kwanza la kitoto: Excel inabadilisha zile namba za bahati kila ukibonyeza chochote. Naandika tarehe pembeni, jibu langu linabadilika. Asubuhi modeli inasema nunua, mchana inasema subiri, nikadhani nimeroga laptopu. Dawa ni kunakili na kubandika kama namba tupu. Na ongeza wiki, mia hazitoshi, kwenye elfu jibu linaanza kutulia.

Kosa la pili ni kubwa. Modeli ikasema nitakosa dagaa au premiksi wiki 4 kwa 100. Nikafurahi, halafu nikafungua daftari la mwaka jana nikahesabu wiki ambazo kweli nilikwama: 6 kwa 52. Hiyo ni kama 11 au 12 kwa 100. Modeli ilikuwa inanidanganya karibu mara tatu.

Nilikaa nayo siku mbili ndo nikaona. Kila malighafi nilikuwa nimeirushia kete yake peke yake, dagaa kivyake, lori kivyake, wateja kivyao. Lakini huku kwetu mambo mabaya yanakuja yameshikana mikono. Wiki ya mvua lori linachelewa, na umeme unakatika, na kwenye sikukuu kila mtu anataka kuku wake wanenepe huku wapakiaji wameenda kwao. Nikabadilisha: kete ya kwanza inaamua wiki ni ya aina gani, giza kavu, giza na mvua, mbalamwezi kavu, mbalamwezi na mvua, au wiki ya sikukuu, halafu ndo kila kitu kinachota namba kwenye orodha ya wiki ya aina hiyo. Ikatoka 11 kwa 100. Sijawahi kufurahia jibu baya namna hiyo.

Nikaongeza ule mstari mwekundu wa premiksi, ikashuka mpaka 5. Zilizobaki karibu zote ni dagaa.

Jumapili 29 Juni: wauzaji wawili, mtumbwi mmoja

Mambo mawili, la kwanza fupi. Tarehe 19 Rais amefungua daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji. Nina mtu wa pumba na mahindi Sengerema ambaye modeli ilikuwa inamkataa kila mwezi kwa sababu ya foleni ya kivuko. Wiki iliyopita imemkataa tena, na mimi huku nimepokea asubuhi mzigo wake niliouagiza jana yake jioni. Data ya zamani ilikuwa ya dunia ambayo haipo. Nimefuta siku zake zote za kabla ya tarehe 19 na kuanza kuandika upya. Namba za zamani zinakufa siku barabara inapobadilika, weka tarehe kwenye kila namba ili ujue ya kufuta ni ipi.

La pili limeniaibisha. Baada ya Mei nilijiona nimeshatibu dagaa kwa kuongeza muuzaji wa pili pale pale Mwaloni, kaka mmoja mchangamfu. Kwenye modeli nikaandika wauzaji wawili, uwezekano wa wote kukosa siku moja nikauzidisha ukawa mdogo kabisa. Alhamisi upepo ukapiga. Nimefika saa kumi na mbili asubuhi namkuta yule mama amesimama kwenye kingo anaangalia ziwani, namtafuta kaka, naye yuko hatua kumi kutoka kwake, anaangalia upande ule ule. Nikauliza mnasubiri nini. Mtumbwi wa kutoka kisiwa cha Goziba. Wote wawili. Mtumbwi mmoja, unaleta magunia ya huyu na ya yule, tena miaka yote. Mimi nilikuwa na watu wawili wa kuwasalimia na chanzo kimoja.

Mdogo wangu akanikumbusha kisa cha Ericsson, kampuni ya simu. Machi 2000 radi ilisababisha moto mdogo kwenye kiwanda cha Philips kule Albuquerque, Marekani, ulizimwa kwa dakika chache, lakini vumbi na moshi viliharibu vyumba vya kutengenezea vifaa vya simu. Nokia walishtuka mapema wakakimbilia vyanzo vingine, Ericsson walikuwa wanategemea pale pale na hasara yao ilifika kama dola milioni 400. Tofauti ya kisa chao na changu ni sifuri kadhaa tu.

Swali la kumuuliza kila muuzaji, na kuuliza hakugharimu kitu: mzigo wako unatoka kisiwa gani na unakuja na chombo cha nani? Sasa nina dada wa upande wa Musoma, mzigo wake unakuja kwa barabara kupitia Bunda na Lamadi. Ni 250 ghali zaidi kwa kilo ukijumlisha usafiri. Nachukua kwake kilo 60 kila wiki hata kama Mwaloni bei iko chini, kwa hiyo nalipa 15,000 kwa wiki ya kutomzoea vibaya, maana ukimtafuta mtu siku ya shida tu na yeye atakukumbuka siku ya shida yake.

Jumapili 14 Septemba: majuto

Julai na Agosti sina la kuandika, kiangazi, kila kitu kilienda.

Kwa mbalamwezi ya Septemba sikutumia wastani wa matarajio. Wastani ni mzuri kwa mtu mwenye mtaji wa kukosea mara kumi, mimi nikikosea mara mbili mfululizo nakopa. Nikatumia njia ya mtakwimu Leonard Savage ya 1951, unaangalia majuto: kwa kila uamuzi, hali mbaya ikitokea utajuta shilingi ngapi ukilinganisha na ungejua, kisha unachagua uamuzi ambao juto lake kubwa kabisa ni dogo.

Bei ilikuwa 2,900, ongeza asilimia 4 ya kuharibika (chaga zimefanya kazi), 3,016. Nikinunua mapema halafu dagaa wa mvua wakaja kwa bei halisi 2,670, najuta 346 kwa kilo. Nikisubiri halafu upepo ukapiga bei ikawa 4,500, najuta 1,484 kwa kilo. Ukitafuta kiasi ambacho majuto ya pande zote yanalingana, kati ya kilo 480 inakuja kama 390. Nikinunua 390, hata iwe vipi sijuti zaidi ya laki na elfu 35 hivi.

Kabla sijaondoka nikamuuliza kijana wangu wa mashine, bila kumwambia hesabu, wewe ungenunua magunia mangapi? Akasema manane. Manane ya pale yalitoka kilo 388. Nikamuuliza umejuaje. "Mwaka jana tulikosa bosi, na mwaka huu yalioza." Sijui nimlipe nini huyu.

Mwezi ukawa mpevu Jumapili tarehe 7, na usiku ule ule ukapatwa, mliona, kuanzia kama saa mbili na nusu ukawa mwekundu wote mpaka karibu saa nne. Tuko nje tunaangalia, yule kijana ananiuliza kwa hiyo leo watavua? Hiyo hali haimo kwenye kete zangu.

Bei ilipanda mpaka 3,600. Nikaongeza kilo 90 tu za mwisho. Kwenye zile 390 nimeokoa 584 kwa kilo, kama laki 2 na elfu 27. Nimeanza kurudisha hela ya Machi.

Jumapili 12 Oktoba: hesabu mpaka leo

Nimetumia: mizani 85,000, chaga 60,000, bando na umeme wa usiku kama 70,000, dagaa waliooza 420,000, na zile kilo 200 za mchanga nimekadiria 100,000 pamoja na mifuko niliyomrudishia mteja wa video. Tangu Mei sijasimamisha mashine kwa kukosa malighafi isipokuwa ile Alhamisi ya upepo, siku moja na nusu. Mteja mmoja kati ya wawili waliohama amerudi, yule wa "nitakutafuta" bado ananitafuta.

Faili la Excel lilifika karatasi tisa, nimelipunguza mpaka mbili. Karatasi ya kwanza ni siku za kuhimili na za kupona, naijaza kila Jumapili dakika kumi. Ya pili ni ya majuto, naigusa siku nane kabla ya mwezi mpevu. Ile ya kete elfu nimeihifadhi, nitaifungua kukiwa na badiliko kubwa kama lile la daraja. Anayetaka kuiga aanze na ndoo ya mchanga na ile karatasi ya kwanza, kete asiziguse kabla hajawa na risiti za miezi sita zenye tarehe.

Kilichobaki ni mashudu. Ya alizeti nayapata kwa mtu mmoja tu na sijamuuliza yanatoka wapi. Ya pamba yako mengi huku kwetu ila kuku wa mayai hawayapendi kwa wingi, kiini cha yai kinabadilika rangi, kwa hiyo sio mbadala wa kweli, ni wa nusu. Kesho nitampigia.

Premiksi jana ilishuka chini ya mstari, kijana ameagiza mwenyewe saa nne asubuhi. Leo ndoo ina kilo 16.